Kwa Nini Dawa ya Kikohozi Hulaza, na Namna ya Kuchagua Isiyolaza

Mtu anapoingia katika duka la dawa na kusema, "Nipe dawa ya kikohozi," huwa ameomba kitu ambacho, kwa lugha ya sayansi, hakipo. Chupa zile zilizopangwa rafuni, zenye maji mekundu, ya kijani au ya hudhurungi, na utamu unaofanana, zina ndani yake kemikali za jamaa nne au tano zisizo na undugu wowote. Mojawapo huziba mlango fulani katika ubongo na kumfanya mnywaji asinzie. Nyingine hulegeza makohozi wala haiugusi ubongo. Nyingine huupeleka moyo mbio. Zote zimevishwa jina moja, na mnunuzi aghalabu huchagua kwa rangi, kwa bei, au kwa kuwa ndiyo aliyonunua jirani yake.

Uchaguzi wa namna hiyo una gharama. Dereva wa basi anayeondoka Mbeya alfajiri kuelekea Dar es Salaam, mwendesha bodaboda, fundi anayelisha mbao katika msumeno wa umeme, na mtahiniwa wa kidato cha nne anayeingia katika chumba cha mtihani saa mbili asubuhi, wote hupatwa na mafua na kikohozi kama binadamu wengine. Na kila mmoja wao aweza kunywa kijiko cha dawa kwa nia njema, kisha akaenda kazini na nusu ya akili yake. Katika makala haya nakusudia kueleza usingizi huo watoka wapi, ili mwalimu wa baiolojia au wa kemia apate kuufundisha, na mwanafunzi apate kuisoma lebo ya chupa na kuielewa.

Kikohozi chenyewe

Ni vema kwanza tukumbuke kwamba kikohozi si ugonjwa, bali ni kinga. Katika kuta za koo na mabomba ya hewa mna ncha za neva zinazohisi vumbi, moshi, makohozi na kemikali kali. Ncha hizo zikisisimuliwa, habari hupitia katika neva vagasi hadi kwenye shina la ubongo, na kutoka huko amri hurudishwa kwa misuli. Mtu huvuta pumzi nyingi. Mlango wa zoloto hufungwa kwa muda wa kama moja ya tano ya sekunde huku misuli ya kifua na tumbo ikibana. Kisha mlango hufunguka ghafla na hewa hutoka kwa kishindo, ikibeba kile kilichokuwa kikisumbua.

Anayetaka kuliona jambo hili kwa macho yake akaange pilipili kavu jikoni. Nyumba nzima itakohoa, wagonjwa na wazima. Kemikali ya pilipili iitwayo kapsaisini hushika kipokezi kilekile kinachohisi joto kali, na ugunduzi wa kipokezi hicho ndio uliomwezesha David Julius wa Marekani kushiriki Tuzo ya Nobel ya Fiziolojia au Tiba mwaka 2021. Twajifunza kutokana na mfano huu kwamba ziko sehemu mbili ambapo dawa yaweza kukiingilia kikohozi: kule kwenye ncha za neva na makohozi yanayozisumbua, au kule kwenye ubongo unaotoa amri. Dawa zinazofanya kazi kwenye ubongo ndizo zinazotia shaka ya usingizi. Lakini, kama tutakavyoona, mlazaji mkuu hata hakuwekwa katika chupa kwa ajili ya kukizuia kikohozi moja kwa moja.

Usingizi watoka wapi

Mlazaji huyo ni jamii ya dawa za kukinza histamini. Histamini ni kemikali ndogo inayotengenezwa mwilini. Katika ngozi na pua ndiyo inayoleta muwasho, uvimbe na kamasi wakati mtu anapopatwa na mzio. Mwaka 1937 Daniel Bovet, akifanya kazi katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris, alipata kemikali ya kwanza ya kuikinza histamini, ingawa ilikuwa na sumu kupita kiasi cha kutumiwa na binadamu. Kwa kazi hiyo na nyinginezo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1957. Dawa zilizofaa kutumika zilifuata upesi. Difenhidramini ilitengenezwa na George Rieveschl huko Cincinnati, Marekani, mwaka 1943, na katika miaka hiyohiyo ya 1940 zikaja promethazini na klofeniramini. Hii ya mwisho wengi wetu twaijua kwa jina la kibiashara la Piriton, na kwenye lebo za dawa za mchanganyiko huandikwa Chlorpheniramine au Chlorphenamine.

Tangu mwanzo wagonjwa walilalamika kwamba dawa hizi huwalaza. Sababu yake ni kwamba histamini ina kazi ya pili, isiyohusiana na muwasho hata kidogo. Ndani kabisa ya ubongo, katika sehemu iitwayo haipothalamasi, mna kundi dogo la seli za neva zinazotuma histamini karibu katika ubongo wote. Seli hizo huamka tunapoamka na kunyamaza tunapolala. Histamini ni mmojawapo wa walinzi wanaotuweka macho, na kipokezi inachokitumia huko ndicho kilekile inachokitumia puani. Dawa inayokiziba kipokezi hicho puani hukausha pua. Ikifika ubongoni hukiziba vilevile, na mlinzi hunyamazishwa. Kwa hiyo usingizi huu si uchovu wa ugonjwa, kama wengi wanavyodhani, wala si dalili kwamba "dawa inafanya kazi." Katika maduka ya Marekani difenhidramini ileile inayotiwa katika dawa za kikohozi huuzwa pia, katika pakiti nyingine, kama dawa ya kuleta usingizi.

Mwanafunzi atauliza: kwa nini basi itiwe katika dawa ya kikohozi? Jibu ni kwamba dawa hizi za zamani hazikukiziba kipokezi cha histamini peke yake. Huziba pia vipokezi vya asetilikolini, na hivyo hukausha kamasi na mate. Kamasi inayochuruzika nyuma ya koo huweza kuamsha kikohozi, hasa usiku. Kwa mtu mwenye mafua, aliyelala kitandani, asiye na safari kesho yake, pengine si chaguo baya. Kwa mtu mwenye makohozi mazito kifuani, kuyakausha ni kuyafanya yawe magumu zaidi kutoka.

Ukuta wa mafuta

Si kila kilichomo katika damu huingia ubongoni. Seli zinazojenga kuta za kapilari za ubongo zimeshikana barabara bila kuacha nafasi, na kemikali inayotaka kupita yapasa ipenye katika utando wa seli zenyewe, ambao ni wa mafuta. Mwalimu wa kemia atakuwa amekwisha kuwaonyesha wanafunzi wake kwamba vitu visivyo na chaji huyeyuka vema katika mafuta, ilhali vyenye chaji huyeyuka vema katika maji. Klofeniramini, difenhidramini na promethazini ni molekuli ndogo zipendazo mafuta, basi hupita kama mgeni aliye na ufunguo.

Wakemia walijifunza kumnyang'anya mgeni huyo ufunguo. Dawa mpya zaidi, kama vile setirizini, loratadini na feksofenadini, hupenya kwa shida; na hata zinapopenya, mna protini katika ukuta huo zinazofanya kazi kama pampu na kuzirudisha baadhi yake katika damu. Historia ya feksofenadini yastahili kusimuliwa darasani. Dawa iliyoitangulia, terfenadini, iliingia katika soko la Marekani mwaka 1985 ikisifiwa kwa kutolaza. Baadaye ikagunduliwa kwamba ini lisipoweza kuibadilisha upesi, kwa mfano mgonjwa anapotumia pamoja nayo dawa fulani za fangasi au eritromisini, hujikusanya katika damu na kuharibu mapigo ya moyo hata kuua. Iliondolewa sokoni mwaka 1998. Lakini kile ambacho ini lilikuwa likikitengeneza kutokana na terfenadini kilikuwa na kundi la kaboksili, halikuhatarisha moyo, na kilikinza histamini vilevile. Hicho ndicho feksofenadini. Kundi moja dogo la atomi lilitofautisha dawa na hatari.

Yafaa kutahadharisha hapa. Dawa hizi mpya ni nzuri kwa mzio, lakini kwa kikohozi cha mafua ya kawaida hazisaidii sana, kwa sababu hazikaushi kamasi kwa ile njia ya asetilikolini. Na setirizini bado huwalaza baadhi ya watu.

Aliyelemewa hajui kwamba amelemewa

Kuna utafiti mmoja ambao, kwa maoni yangu, ungepaswa kubandikwa katika kila stendi ya mabasi. Ulichapishwa mwaka 2000, na ulifanywa kwa mtambo wa kuigiza uendeshaji wa gari katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani. Watu 40 wenye mzio waliendesha kwa zamu baada ya kupewa difenhidramini, au feksofenadini, au pombe, au kidonge kisicho na dawa. Waliokunywa difenhidramini waliendesha vibaya kuliko waliokunywa pombe ya kufikisha takriban asilimia 0.1 katika damu. Waliopewa feksofenadini hawakutofautiana na waliopewa kidonge kitupu. La kutisha zaidi ni kwamba kiasi cha usingizi ambacho washiriki walisema wanakisikia hakikulingana vema na jinsi walivyoendesha. Yaani, mtu aweza kuapa kwamba yu macho kabisa na huku mguu wake unachelewa kwenye breki.

Kwa hiyo ushauri wa kawaida, "Ukisikia usingizi usiendeshe," hautoshi. Na yule anayechanganya kijiko chake na bia moja jioni amejumlisha vitu viwili vinavyouvuta ubongo upande uleule.

Wengine hujitetea kwamba waliinywa usiku. Hapa hesabu itatusaidia, na kanuni yake ni ileile inayofundishwa katika somo la fizikia kuhusu vitu vinururifu. Muda wa nusu-uhai wa klofeniramini katika mtu mzima ni kama saa 20, ingawa hutofautiana sana kati ya mtu na mtu. Mtahiniwa akimeza miligramu 4 saa nne usiku, ifikapo saa mbili asubuhi zimepita saa 10, yaani nusu ya nusu-uhai. Kiasi kilichobaki ni 4 gawanya kwa kipeuo cha pili cha 2, ambacho ni karibu miligramu 2.8. Ameingia katika mtihani na zaidi ya theluthi mbili za dawa yake. Ni kweli kwamba mwili huanza kuzoea baada ya siku chache za kuitumia na usingizi hupungua, lakini dereva au mtahiniwa hawezi kujua siku ya mazoea ni ipi.

Jamaa ya kasumba

Mlazaji wa pili ni kodeini. Hutokana na kasumba, nayo iligunduliwa na Pierre Robiquet wa Ufaransa mwaka 1832. Kazi yake ni kule kwenye shina la ubongo. Kodeini yenyewe haina nguvu nyingi. Ini huigeuza sehemu yake kuwa mofini kwa kimeng'enya ambacho urithi wake hutofautiana sana kati ya watu. Wako ambao jeni ya kimeng'enya hicho imejirudufu, na hao huigeuza kodeini upesi mno, hata dozi ya kawaida ikawa kubwa. Jambo hili latuhusu sisi wa Afrika Mashariki: katika uchunguzi wa Waethiopia uliochapishwa mwaka 1996, asilimia 29 ya waliochunguzwa walikuwa na jeni zilizorudufiwa. Watoto wamewahi kufa kwa kuzuiwa kupumua, na ndiyo sababu nchi za Umoja wa Ulaya zilikataza mwaka 2015 kodeini kutumiwa kwa kikohozi cha walio chini ya miaka 12, na Marekani mwaka 2018 ikaweka mpaka wa miaka 18 kwa dawa za kikohozi zenye kodeini. Kodeini pia hujenga uraibu. Nigeria ilipiga marufuku utengenezaji na uingizaji wa dawa za maji za kikohozi zenye kodeini mwaka 2018. Mwalimu anayekuta chupa tupu nyingi za aina moja nyuma ya bweni asidhani kwamba mafua yameenea shuleni.

Chaguo lililobaki

Anayehitaji kubaki macho atafute nini basi? Kama kikohozi ni kikavu, kisicho na makohozi, dawa inayotumika sana ni dekstromethofani, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1958. Kemia yake ni somo zuri la isoma za kioo. Molekuli yake na ile ya levomethofani ni kama mkono wa kulia na wa kushoto. Ya kushoto ni ya jamii ya kasumba na ina nguvu nyingi, ilhali ya kulia haiondoi maumivu wala hailazi kama kodeini. Hata hivyo baadhi ya watu huona kizunguzungu au usingizi kidogo, na dozi kubwa huleta kuchanganyikiwa. Wanaotumia dawa za sonona wasiinywe kabla ya kumwuliza daktari au mfamasia, kwa kuwa mchanganyiko huo waweza kuwa wa hatari. Mnunuzi aangalie pia kwamba haikuchanganywa na klofeniramini katika chupa ileile, maana mara nyingi huchanganywa.

Kikohozi chenye makohozi hakifai kuzimwa. Hapo hutumika dawa za kuyalegeza: gwaifenesini, bromheksini au ambroksoli. Hizi mbili za mwisho zina asili katika mmea wa Adhatoda vasica, uliotumiwa na waganga wa India kwa karne nyingi. Kwa kawaida dawa hizi hazilazi. Lakini chupa nyingi zenye bromheksini zimetiwa pia salbutamoli, dawa ya kupanua mabomba ya hewa kwa wenye pumu. Salbutamoli hailazi; kinyume chake hutetemesha mikono na kuharakisha moyo. Mtu asiye na pumu wala kifua kinachobana hana faida nayo.

Baada ya kusema yote hayo, uaminifu wanidai niseme kwamba ushahidi wa manufaa ya dawa hizi kwa kikohozi cha mafua ni hafifu. Tafiti zilizolinganisha dawa za kikohozi za dukani na maji matamu yasiyo na dawa mara nyingi zimeona tofauti ndogo, au hazikuona yoyote. Sehemu ya nafuu yatokana na utamu na ulaini wa maji yenyewe kooni, na sehemu nyingine ni kwamba kikohozi kilikuwa kinaondoka chenyewe. Wagonjwa wengi hutazamia kipone ndani ya wiki moja, lakini kikohozi cha mafua huchukua kwa wastani kama siku 18. Mtu anayebadilisha chupa kila siku ya nne huisifu ile ya mwisho bila haki.

Asali, peke yake au katika maji ya uvuguvugu, imeonekana katika tafiti za watoto kupunguza kikohozi cha usiku kuliko kutotumia kitu, wala haiugusi ubongo. Asipewe kamwe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, kwa sababu yaweza kuwa na mbegu za bakteria wa sumu ya botulini, ambazo utumbo wa mtoto mchanga hauwezi kuzizuia. Na kwa kuwa tumewataja watoto: dawa za kikohozi za dukani hazifai kwa wadogo. Uingereza iliziondoa mwaka 2009 kwa walio chini ya miaka 6. Promethazini imewekewa onyo kali Marekani tangu 2004 kwa walio chini ya miaka 2, kwa kuwa yaweza kuzuia kupumua. Mzazi anayempa mtoto kijiko "ili alale" anafanya jambo la hatari.

Ziko hali ambazo chupa yoyote ni makosa. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi chahitaji kupimwa kifua kikuu, na kwa mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI hata kikohozi cha siku moja. Damu katika makohozi, kupumua kwa shida, homa kali, kukonda au jasho la usiku havingojei. Aidha, mtu aliyeanza karibuni dawa za shinikizo la damu za jamii ya kaptoprili na enalaprili, kisha akapata kikohozi kikavu kisichokwisha, amwone daktari abadilishiwe dawa hizo. Hakuna dawa ya kikohozi itakayomsaidia, na asiziache kwa hiari yake mwenyewe.

Zoezi kwa darasa

Kila mwanafunzi alete kutoka nyumbani chupa moja tupu ya dawa ya kikohozi, iliyooshwa. Andikeni majina ya kemikali zote zilizomo, si jina la kibiashara, na kiasi cha kila moja katika kijiko cha mililita 5. Zigawanyeni katika makundi: zinazokinza histamini, za jamii ya kasumba, za kulegeza makohozi, za kupanua mabomba ya hewa. Ni chupa ngapi ambazo dereva angeweza kuzinywa? Ni ngapi zenye dawa ya kuzima kikohozi na dawa ya kutoa makohozi kwa pamoja, na je, mchanganyiko huo una mantiki?

Wanafunzi wa hisabati wachukue mgonjwa anayemeza miligramu 4 za klofeniramini kila baada ya saa 6, nusu-uhai ukiwa saa 20. Watafute ni kiasi gani kimo mwilini kabla tu ya dozi ya tano. Jibu ni karibu miligramu 9.8, yaani zaidi ya dozi mbili nzima zimo mwilini kabla hajameza ya siku ya pili.